Daraja nilipita, lakini sio kama hilo lako

Mwanangu,

Video yako ya daraja la reli huko Chicago imefika, ile michuma inainuka meli ipite chini, alafu ukauliza "Baba, ulishawahi kupitisha treni kwa daraja la kusonga kama hili?" Nilipitisha. Ya kuinuka hivyo hatukuwa nayo, lakini Kisumu bandarini, huku Ziwa Victoria, kuna daraja la reli linapanda na kushuka, na hapo nimefanya kazi sana wewe ukiwa mdogo hapa Makongeni, unajua tu baba ameenda Kisumu.

Iko hivi. Reli ya zamani ya upana wa mita 1 iko Kenya, Uganda na Tanzania, so behewa likitoka Mombasa na mbolea hakuna kushusha gunia ata moja, linapanda meli na mzigo wake, likifika Port Bell ya Uganda ama Mwanza ya Tanzania linaendelea na safari. Meli ni MV Uhuru na MV Umoja, za miaka ya 60, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 Uhuru ikabaki kwetu, Umoja ikaenda Tanzania. Moja inabeba mabehewa kama 20.

Sasa reli ya nchi kavu haisongi, na meli haitulii. Na ziwa lenyewe halina adabu, 1961 hadi 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na 2020 si uliona vile lilimeza nyumba za watu. So katikati wakaweka daraja, huku nchi kavu limeshikwa na bawaba, upande wa maji linapandishwa ama kushushwa mpaka reli zake zilingane na za meli.

Injini haiingii, ni nzito. Unaweka mabehewa matupu katikati ndio yasukume yale ya mzigo, wewe unabaki huku nyuma, yani dereva haoni kitu! Naangalia tu mkono wa shanta, yule anaongoza kupanga mabehewa, usiku ni taa yake. Nikishuka kutembea pale juu ndio naona ule mwanya kati ya reli na reli, unaingiza kidole, na chini magugu maji yanacheza.

Kitu ilikuwa inatutoa jasho ni mizani. Ukijaza kushoto peke yake meli inalala huko, na daraja linajipinda nayo. So unaweka mawili kushoto, unarudi, pointi, pale reli zinagawanyika, inageuzwa, mawili kulia, na huko ndani mabaharia wanahamisha maji kwa matangi kuisawazisha. Kuna siku tulikuwa na simiti, behewa la kwanza kupita tu meli ikainama, nahodha akatoka akifoka kwa Kijaluo, Kiswahili na Kingereza zote pamoja, shanta wetu, mzee wa Kano, akamwambia pole pole, "Jakom (mwenyekiti), punguza sauti, hata daraja linakusikia." Tulicheka lakini hakuna mtu alisonga mpaka ikakaa sawa.

Kwa hivyo hilo lako ni zuri sana kwa macho, sikatai, lakini huko treni inangoja lishuke lifungwe, kisha inapita kama daraja lingine lolote. Letu lilikuwa linacheza mzigo ukiwa juu yake bana.

Uhuru ilikaa miaka bila kazi, ikarudi 2019 kubeba mafuta ya Uganda, na siku hizi kuna Uhuru II iliyojengwa hapo hapo Kisumu. Treni ya abiria pia ilirudi. Ukikuja Disemba twende, bandarini nitaongea na mtu. Beba koti, Londiani usiku ni baridi mbaya.

Baba yako