Imba noti kabla hujaipinda: ushauri kwa mpiga harmonika

Harmonika ya kawaida ya matundu 10 inakunyima noti mbili pale unapozihitaji sana. Shika ya C (ambayo Do yake ni noti C), anzia tundu namba 1 ukipanda, ukipuliza na kuvuta: utapata Do, Re, Mi, kisha So, Ti na Do ya juu. Fa na La hazimo. Zipo mbele, kwa kuvuta matundu namba 5 na 6, lakini huku chini lazima uzitengeneze mwenyewe kwa kupinda, yaani kuishusha noti kwa ulimi na pumzi: Fa kwenye tundu namba 2, La kwenye namba 3, zote kwa kuvuta.

Wengi wakishaweza kuishusha sauti hufurahi, wakaishia hapo. Sawa, imeshuka, lakini imeshukia wapi? Kila tundu lina vilimi viwili, mara nyingi vya shaba, kimoja cha kupuliza na kingine cha kuvuta, na ukipinda vyote viwili hufanya kazi pamoja. Noti ya juu hushuka mpaka ibakie kama nusu toni juu ya ile ya chini. Ndiyo maana tundu namba 2, lenye So na Mi, linakupa Fe (nusu toni juu ya Fa) na Fa, na namba 3, lenye Ti na So, linakupa Ta (nusu toni chini ya Ti), La na moja tena chini ya La. Fa ina sakafu ya kusimamia. La iko katikati, haina pa kuegemea, na hapo ndipo sikio linapopimwa kwelikweli.

Kilichonisaidia mimi kuliko mazoezi yote ya ulimi ni kuimba kwanza. Vuta tundu namba 6 upate La safi. Toa harmonika mdomoni, iimbe noti hiyo oktava moja chini, ishike kichwani. Sasa vuta namba 3 taratibu, ulimi ukirudi nyuma kama unayetoka kwenye "i" kwenda kwenye "u", mpaka uikute ile uliyoimba. Fa nayo ifanyie hivyo hivyo, ukianzia kuvuta tundu namba 5. Aliyepitia kwaya inayofundishwa kwa solfa ana mtaji mkubwa hapa, kwa sababu Fe na Ta kwake si wageni. Mwalimu wa kwaya alishamkatalia mara nyingi mpaka zikakaa.

Vuta pumzi kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu, Fa hupitiliza ikawa chini kuliko inavyotakiwa, na sikio lisilozoea hukubali upesi.

Programu ya simu ya kupimia sauti naipenda, ila kwa masharti. Fumba macho, pinda, shikilia noti, ukiridhika ndipo uangalie. Ukikodolea mshale tangu mwanzo, macho ndiyo yanayojifunza. Halafu kumbuka kwamba harmonika nyingi hutoka kiwandani zikiwa juu kidogo ya kipimo cha kawaida cha hertz 440, kwa hiyo simu inaweza kukuambia umekosea wakati umepatana vizuri na noti nyingine za chombo chako.

Bora zaidi ni sauti ya kudumu. Weka kinanda cha simu kishikilie Fa, wewe upinde tundu namba 2 juu yake. Ukikaribia utasikia mawimbi, wa-wa-wa-wa, ya haraka. Yakipungua kasi, unakaribia zaidi, yakitulia, umefika. Mawimbi hayo hayadanganyi, na kuyasikia hakuhitaji kipaji.

Baada ya hapo piga Do Re Mi Fa So La Ti Do yote huku chini, polepole, ujirekodi. Ngazi hii kila mtu anaijua tangu utotoni, kwa hiyo hata jirani atasikia La iliyolegea.

Muziki wa blues niliuacha mpaka hapo, nawe nakushauri hivyo. Wapigaji wa Chicago kama Little Walter walizoea kuipiga harmonika ya C katika ufunguo wa G, yaani So ikiwa noti ya kwanza ya ngazi, na hapo Ti ya tundu namba 3 inakuwa noti ya tatu ya ngazi. Mara nyingi huishusha nusu nusu, ikakaa kati ya Ti na Ta. Shikilia Ti, shuka hadi Ta kamili, panda tena hadi Ti, na baada ya kuzisikia zote mbili waziwazi ndipo uitafute ile ya kati.