Matairi mapya ya pikipiki ya Yamaha FJR1300
Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kubadilisha tairi la nyuma pekee, kwa kuwa limelika katikati hadi likawa bapa ilhali la mbele bado lina mifereji. Nakushauri ubadilishe yote mawili, tena ya aina moja, kwa sababu la mbele likiwa limechakaa mabegani (pande mbili za sehemu inayokanyaga barabara), pikipiki huingia kona kwa kusitasita. Saizi ni 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Kwa kuwa unabeba abiria na mizigo, chagua yaliyotengenezwa kwa pikipiki nzito, kama Michelin Road 6 GT. Dukani, soma ubavuni tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo mimi nisingelinunua hata kwa nusu bei.