Uliza Mzee: Una vitabu vitano, basi wewe ni wagonjwa watano

Mwezi uliopita nilitupa sentensi moja tu mwishoni mwa ukurasa huu, nikasema kila nyumba ijitahidi kuwa na musawo (ndivyo Uganda tunavyomwita anayetutibu) mmoja anayeijua, sio leo kiliniki hii kesho ile. Basi simu yangu haikulala. Wengine mmenitukana kwa adabu, wengine mmeuliza ya maana. Nimechagua maswali matano. Yule wa mbuzi anayekohoa anisamehe, mimi nilikuwa klinikali ofisa, yaani mtabibu wa ngazi ya chini ya daktari, miaka thelathini na kidogo, mbuzi sikusomea.

Mzee, huyo musawo mmoja nitampata wapi hapa Kisenyi? Dada yangu yuko Canada, ana daktari wake wa familia kabisa, akikohoa anapiga simu. Sisi tunapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, ukifika mbele unakuta mtu mpya kila siku, na wala sio daktari, ni klinikali. Hao madaktari wa familia Uganda wapo kweli ama ni mambo ya wazungu?
*Boda wa Kisenyi, Kampala*

Wapo bwana. Makerere walianza kuwafundisha mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi hizo wakiita tiba ya jamii, na Mbarara pia wanafundisha. Mtu anamaliza udaktari wa kawaida halafu anarudi darasani kujifunza kutibu nyumba nzima, mtoto na nyanya yake, kuzalisha, kupasua kwa dharura, presha, sukari, hata mawazo yanayomnyima mtu usingizi. Shida ni wachache mno, na kijana akimaliza shule anaona heshima iko kwenye upasuaji na magonjwa ya wanawake, huku kwingine anaona kama adhabu. Niliowajua mimi wengi waliishia kwenye miradi na kufundisha.

Na huyo dada muulize vizuri. Huko Canada kwenyewe mamilioni ya watu hawana daktari wa familia, wazee wanastaafu na vijana wanachagua kazi nyingine. Uingereza nako sehemu nyingi watu wanapiga simu wote kwa mpigo ikigonga saa mbili asubuhi, ukichelewa kidogo unaambiwa nafasi za leo zimekwisha, jaribu kesho. Kwa hiyo foleni sio yako peke yako, tofauti yao wanaipanga wakiwa kitandani.

Sasa hapo uliposema "wala sio daktari, ni klinikali" umenigusa kidonda. Ngazi zetu za vituo vya afya vya serikali, hizi helsi senta, ziko hivi: helsi senta II inaongozwa na nesi, III inaongozwa na klinikali ofisa na kwa mpango inahudumia watu kama 20,000, IV ndio unamkuta daktari na yeye kapangiwa watu kama 100,000. Hesabu mwenyewe. Ukimsubiri daktari akutibu mafua utasubiri sana, wakati klinikali amesoma miaka mitatu magonjwa haya haya yanayokusumbua. Yeye ndiye daktari wako wa familia, cheti tu hakisemi hivyo. Wa kumuogopa ni yule wa duka la dawa asiye na kibali ukutani, maana huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita musawo na tunamnyooshea mkono achome sindano.

Fanya hivi: chagua kituo kimoja, ukitibiwa vizuri uliza jina na zamu zake, siku nyingine nenda zamu yake. Na kama sio dharura nenda kwenye saa saba mchana, foleni ya asubuhi inakuwa imekatika na mtu ana muda wa kukutazama usoni.

Mzee habari. Nina presha mwaka wa nne. Nikienda helsi senta naambiwa dawa hakuna, naandikiwa karatasi nikanunue. Lakini za malaria zipo, za watoto zipo. Kwani sisi wa presha serikali haitujui? Na jambo lingine, nikisahau kitabu nyumbani naambiwa nikanunue kingine dukani, sasa ninavyo vitano, kila kimoja kimeandikwa ukurasa mmoja tu.
*Mama wa Bweyale*

Mama, wacha nianze na hivyo vitabu kabla ya dawa, maana vimenikosesha usingizi. Kwa wasiojua (kama kuna asiyejua Uganda hii), faili la mgonjwa kwetu ni daftari la mtoto wa shule, lile la mistari, jedwali la kuzidisha liko nyuma, unalinunua dukani nje ya geti na ndani yake musawo anaandika ugonjwa wako. Hospitali kadhaa zimeingiza kompyuta, lakini helsi senta yako ukifunga safari mpaka pale, kumbukumbu ya mwili wako iko kwenye mfuko wa plastiki uliobeba wewe.

Sasa wewe una vitano. Maana yake wewe ni wagonjwa watano. Nina hakika nikivifungua nitakuta kimoja 160/100 kapewa dawa moja, kingine 165/100 kapewa dawa ile ile, kingine tena hivyo hivyo, kwa sababu kila aliyekupokea alidhani umeanza jana. Dawa ya presha ya kwanza ikishindwa inapandishwa au inaongezwa ya pili, lakini nani atapandisha kama kila siku ni siku ya kwanza? Miaka minne umesimama kwenye ngazi ya chini. Leo jioni chukua sindano na uzi, toa hizo kurasa zilizoandikwa, zishone zote kwenye kitabu kimoja kwa kufuata tarehe, kivalishe gazeti kisichafuke, kiweke pale unapoweka kitambulisho. Siku ukienda usiseme "nimekuja kuchukua dawa", sema "musawo tazama hizi namba tangu mwanzo". Utaona uso wake unavyobadilika.

Haya, dawa. Bohari ya taifa, ile NMS, inaleta dawa kwenye vituo vya serikali kila baada ya miezi miwili, na kwa miaka mingi vituo vidogo vilikuwa vinapokea boksi lililokwisha kupangwa huko huko juu. Mfumo wenyewe ulijengwa kwa ajili ya malaria, kuharisha, chanjo na uzazi kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinatumaliza. Mgonjwa wa malaria anameza siku tatu anaondoka. Wewe unameza siku 365 na mwaka ujao unarudi, na wenzako wanaongezeka kila mwezi. Kwa hiyo sio kwamba hawakujui, ila boksi lilipimwa kwa mtu mwingine. Na hapo Bweyale kituo kinahudumia wenyeji na wakimbizi wa kambi ya Kiryandongo pamoja, na wakimbizi nchi nzima wamepita milioni moja na nusu, na wafadhili nao wamekunja mkono.

Ukiweza ulizia wiki ambayo lori la dawa linafika, ujue miezi yake, uende siku mbili tatu baada ya hapo na uombe za mwezi mzima au miwili sio za wiki. Uliza pia kama helsi senta IV ya karibu wana siku ya presha na sukari. Ukinunua, mwambie wa duka akupe kwa jina la dawa lililoandikwa kwenye kitabu, sio jina la kampuni, bei inatofautiana sana kwa kitu kile kile. Na nakuomba usimeze siku kichwa kinauma tu. Presha haigongi mlango, watu wengi niliowaona wamepooza upande mmoja asubuhi yake walikuwa shambani wanacheka.

(Kitu kimoja nakipenda Bweyale: musawo ametoka Mbarara, mgonjwa ametoka Kongo, anayefuata Msudani, wa nyuma yake Mwacholi, na wote wanaelewana kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika. Nimeona "kifua inakamata" ikiokoa maisha.)

Mimi natumia dawa za ukimwi, ARV, mwaka wa tisa. Tulikuwa na kliniki yetu pembeni, siku zetu, na kaunsela wetu anatujua kwa majina. Sasa wametuchanganya OPD, pale wanapotibiwa wagonjwa wa nje, na kila mtu. Juzi nyuma yangu kwenye benchi alikaa mwalimu wa mwanangu. Nimeanza kufikiria kuacha kwenda.
*Msiri, Kasese*

Usiache ndugu yangu, tafadhali. Hilo kwanza, mengine yanafuata.

Kilichotokea ni kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na mishahara mingi kwenye kliniki hizo ilikuwa inatoka huko. Mwezi uliofuata wizara ikaagiza vituo viingize huduma za ukimwi na kifua kikuu ndani ya huduma za kawaida. Kaunsela wako pengine hakukuacha kwa kupenda, mkataba wake ulikatika.

Nitasema ukweli wangu, mimi kwa miaka sikuipenda ile nyumba ya pembeni, maana kijiji kizima kilijua anayekata kona ile anafuata nini. Benchi la OPD lina mwenye jino, mwenye mtoto, mwenye presha, hakuna anayejua wewe umefuata nini, huyo mwalimu naye labda amekaa pale anajiuliza wewe unamjua amefuata nini. Lakini kupoteza mtu aliyekujua miaka tisa ni hasara kweli na siwezi kukwambia ni kitu kidogo.

La kufanya: kama vipimo vyako vinaonyesha virusi vimezama, omba dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja, utaratibu huo upo. Ulizia vikundi vya kuchukuliana dawa, ambapo mnakuwa wachache mnaoaminiana, anaenda mmoja anawaletea wote. Na mtafute klinikali au nesi mmoja umwambie waziwazi, mimi namwaga aibu yangu kwako peke yako, nikija nataka wewe.

Nimelipishwa elfu kumi helsi senta ya serikali na sikupewa risiti. Ni halali?
*Muuza samaki, Busia*

Hapana. Ada kwenye vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, ukiacha zile wodi za kulipia za hospitali. Vituo vya dini na vya watu binafsi wanatoza, hao ni wengine. Rudi kwa in-chaji, mkuu wa kituo, kwa upole uombe risiti, mara nyingi hela inarudi mfukoni bila maneno. Asipoeleweka, kuna kamati ya kituo, na wajumbe wake ni majirani zako, pengine mmoja anakula samaki wako kwa mkopo.

Mzee, mimi ndiye daktari pekee kwenye helsi senta IV fulani. Usiku napasua mama, asubuhi watu mia wananisubiri OPD, mchana naitwa mkutano wilayani, jioni ripoti. Wenzangu wananiambia niondoke nikasomee upasuaji mjini. Nimechoka mpaka naogopa kukosea. Nifanyeje?
*Daktari kijana*

Mwanangu, hiyo hofu ya kukosea isikilize kabla hujasikiliza wenzako.

Helsi senta IV zilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili mama aliyekwama asife njiani kwenda hospitali. Wakajenga vyumba vya upasuaji, na mimi nimeona cha kwetu kikilala popo miaka kadhaa kwa kukosa daktari, umeme na mtu wa nusu kaputi. Leo wewe upo, taa ipo, mama anapasuliwa, lakini mikono ni miwili ile ile. Mshahara wa daktari ulipandishwa ukafika milioni 5 kwa mwezi kuanzia Julai 2022, ni kitu kizuri, ila haukuongeza mtu wa pili kwenye zamu. Na linalonichoma ni kwamba kuna vijana wamemaliza udaktari wako nyumbani, wilaya inawahitaji na fungu la mishahara halipo.

Sasa ya leo. Usiku ukipasua, asubuhi usishike OPD, andika hivyo kwenye ratiba ya ukutani in-chaji wa manesi aisaini, ili ionekane ni sheria ya kituo, sio uvivu wako. Klinikali waone wagonjwa wote, wewe uone wale tu waliowekwa pembeni. Presha na sukari wape siku moja ya wiki, nesi apime na aendeleze dawa, wewe uje kwa walioshindikana. Watu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijijini, watumie kuwafuata waliopotea, hao wanajua kila mlango. Na chanjo ya malaria iliyoanza Aprili 2025 inamleta mtoto mara nne, mwezi wa 6, wa 7, wa 8 na wa 18, basi mama yake akiwa amekaa hapo mpimeni naye presha, kifaa kipo mezani na yeye asingekuja kwa ajili yake mwenyewe.

Kuhusu shule nenda ukitaka, sikuzuii. Ila kabla ya kujaza fomu ya upasuaji soma ile ya udaktari wa familia, utaona wameorodhesha wiki yako nzima.

Kitu cha mwisho, juu ya ganda la kila kitabu cha mgonjwa gongeni namba ya simu ya kituo. Ya kituo, sio yako. Mimi niliandika yangu, nimestaafu miaka mingapi sasa na bado wananipigia saa tisa usiku, na huyu wa mbuzi ndiko alikoipata.