Barua kwa mwanangu: Nyika ya Astana haikuwa tupu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nyumbani wote wazima, na mvua za Katesh mwaka huu zimekuwa za kuridhisha.

Unasema mwanafunzi mwenzako hapo Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, amekuambia kwamba nyika inayouzunguka mji huo ilikuwa tupu, haina mtu wala kazi, mpaka trekta za Wasovieti zilipofika mwaka 1954. Ukaniuliza kama ni kweli. Si kweli hata kidogo, na mimi niliyefundisha jiografia mpaka kustaafu siwezi kukujibu kwa mstari mmoja. Neno "ardhi tupu" limewanyang'anya watu wengi makwao.

Anza na mvua. Ukitoka Siberia kushuka kusini, mvua inapungua kadiri unavyokwenda. Astana hupata milimita 300 hivi kwa mwaka, zinazotosha majani marefu lakini hazitoshi msitu. Endelea kusini ufike Betpak-Dala na mchanga wa karibu na Mto Chu, hapo ni nusu jangwa. Sasa geuza majira. Wakati wa baridi, kaskazini ndiko kunakotisha: joto linaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, theluji inalala nene, na upepo hauna kilima cha kuuzuia. Kusini theluji ni nyembamba, kondoo anaweza kuyafikia majani. Kwa hiyo hakuna sehemu moja ya nchi ile iliyoweza kulisha mifugo mwaka mzima.

Wakazakhi, wafugaji wenyeji wa nyika hiyo, walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Koo nyingi za kundi lao la kati, linaloitwa Orta Jüz, zilikaa baridi kusini, karibu na mito ya Chu na Syr Darya, kisha majira ya machipuko zikapanda kaskazini mpaka mito ya Nura na Esil, huo Esil unaopita katikati ya Astana. Wengine walitembea mamia ya kilomita, kila ukoo kwa njia yake na visima vyake vinavyojulikana. Hata malishoni kulikuwa na utaratibu: farasi walitangulia kuichimbua theluji kwa kwato, wakala ncha za majani, kondoo wakafuata kula yaliyobaki. Walichokiogopa kuliko mbwa mwitu ni jut, pale theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda kuwa barafu ngumu ambayo kwato haziwezi kuivunja. Jut moja mbaya ilimwacha tajiri bila mnyama.

Sasa mfikirie mgeni anayefika Esil mwezi wa Januari. Hamwoni mtu. Wenyewe wako mbali kusini, watarudi majani yakichipua. Ndivyo nchi ya watu inavyoonekana tupu machoni pa asiyekaa mwaka mzima kuitazama.

Na ukale wake ni mkubwa. Kaskazini mwa Kazakhstan kuna mahali panaitwa Botai, ambapo miaka zaidi ya 5,000 iliyopita watu waliishi kwa kutegemea farasi. Ndani ya vyungu vyao wachunguzi wamekuta mabaki ya mafuta wanayoona yametokana na maziwa ya farasi. Ufalme wa Wakazakhi wenyewe huhesabiwa kuanzia karne ya 15, chini ya Kerei na Janibek.

Warusi walikuja kwa ngome. Omsk ilijengwa 1716, Semipalatinsk 1718, Petropavlovsk 1752, zote kandokando ya nyika. Mwaka 1822 utawala wa Tsar, mfalme wa Urusi, ulifuta cheo cha khan, yaani mtawala, katika Orta Jüz, na mwaka 1830 ukaweka ngome ya Akmola kwenye Esil, katikati ya malisho. Mji wako umetokana na ngome hiyo. Kenesary, mjukuu wa Ablai Khan, alipigana miaka kumi, 1837 hadi 1847, na mwaka 1838 aliishambulia ngome hiyohiyo ya Akmola. Mwambie mwenzako: hakuna anayepigania nchi isiyo na watu. Baadaye serikali ya Tsar ilitangaza ardhi ya nyika kuwa mali ya dola, ikawagawia wakulima kutoka Urusi na Ukraine ile iliyoiita "ya ziada". Wakulima hao walifika zaidi ya milioni moja. Ardhi ya ziada ilikuwa ile ambayo kwa majira hayo haikuwa na mifugo juu yake.

Wewe ni mtoto wa Hanang, na hapa huhitaji maelezo marefu. Malisho ya Wabarbaig kule Basotu yaligeuzwa mashamba makubwa ya ngano kwa hoja hiyohiyo, kwamba hayatumiki.

Lililofuata huko ni zito zaidi, na naomba ulisome polepole. Kuanzia 1929 dola ya Stalin iliwalazimisha wafugaji wakae mahali pamoja, ikawanyang'anya mifugo, tena ikawadai hata nafaka watu wasiolima. Wanyama waliokusanywa walikufa kwa kukosa malisho na matunzo. Katika miaka michache Kazakhstan ilipoteza takriban tisa ya kumi ya mifugo yake. Njaa ya 1930 hadi 1933 iliua watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao Wakazakhi, na mamia ya maelfu wakakimbilia China na nchi jirani. Waliobaki wakawa wachache katika nchi yao: sensa ya 1959 iliwakuta kama asilimia 30 tu. Tarehe 31 Mei kila mwaka Wakazakhi huwakumbuka waliokufa. Ukiwa bado huko siku hiyo, nenda usimame nao.

Ndipo zikaja hizo trekta. Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti baada ya Stalin, alianzisha kampeni ya kulima "ardhi bikira" mwaka 1954, na hadi 1960 hekta zipatazo milioni 25 za Kazakhstan zilikuwa zimepinduliwa. Mavuno ya 1956 yalikuwa makubwa sana, lazima niliseme hilo. Akmolinsk, yaani mji wako uliokua kutoka ngome ya Akmola, ikaitwa Tselinograd mwaka 1961. Lakini udongo ule ulishikwa na mizizi ya majani yake, na ulipofunuliwa upepo uliubeba. Mapema miaka ya 1960 vumbi lilifunika mashamba. Mtaalamu Alexander Barayev, kituoni Shortandy, kaskazini ya mji wako, alihimiza jembe lisipindue udongo na mabua yaachwe shambani yashike theluji, ili maji yaingie ardhini. Mabua utakayoyaona yamesimama baada ya mavuno yana historia hiyo.

Sehemu ya nyika ilinusurika. Kusini-magharibi mwa Astana kuna hifadhi ya Korgalzhyn, ambako Mto Nura unaishia katika Ziwa Tengiz lisilo na mlango wa kutokea. Heroe huzaliana hapo, mbali sana kaskazini kwa ndege hao. Na swala saiga, ambao mwaka 2015 zaidi ya 200,000 walikufa kwa bakteria ndani ya wiki chache, wameongezeka tena kupita milioni moja.

Kuhusu mwenzako, nakuomba usimjibu kwa ukali. Umeniambia jina lake la ukoo ni la Kijerumani. Wajerumani waliokaa kando ya Mto Volga huko Urusi walipakiwa kwenye treni mwaka 1941 wakapelekwa Siberia na Kazakhstan bila kuulizwa, kama Wakorea mwaka 1937 na Wachecheni mwaka 1944. Yumkini babu yake alishushwa kwenye nyika hiyo kwenye baridi, hana kitu, naye kweli alichokiona ni utupu. Karibu na Astana, kijijini Akmol, palikuwa na kambi ya ALZHIR walikofungwa wanawake kwa kosa la kuwa wake wa watu waliohukumiwa. Husimuliwa kwamba wanakijiji Wakazakhi, wakati wao wenyewe hawana chakula, waliwarushia wafungwa hao vitonge vya jibini kavu, na walinzi wakacheka wakidhani wanarushiwa mawe. Leo ni makumbusho. Nendeni wote wawili, kisha uniandikie aliyoyasema.

Mama yako