Kabla ya kutaja mshahara unaoutaka, piga hesabu ya makato

"Unatarajia tukulipe kiasi gani?" Wengi hujibu swali hili kwa kutaja fedha wanayotaka kuishika mkononi. Mwajiri anaiandika kama mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, mkataba unasainiwa, na mwisho wa mwezi pengo linajitokeza.

Kwa Tanzania Bara, chukua mfano wa ghafi shilingi 1,500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 150,000. PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inatozwa kwenye 1,350,000 iliyobaki: 128,000, ukijumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja. Jumla ya kodi ni 233,000. Mkononi unabaki na 1,117,000. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani bila posho. Ukiwa wote ni wa msingi, hiyo ni 225,000 nyingine, nawe unabaki na 892,000. Kato hili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloumiza.

Basi anzia chini. Jumlisha kodi ya nyumba, nauli, chakula, ada na fedha ya kutuma nyumbani, kisha panda hadi ghafi. Katika kiwango hiki, kila 100,000 unayoongezewa inakuachia 63,000 tu, au 48,000 ukiwa na deni la Bodi. Nyongeza ya 50,000 kwa kuhamia ofisi ya mbali inaweza kuliwa yote na daladala.

Ofa ikishatoka, taja tarakimu moja: "Naomba 1,700,000 ghafi, kabla ya makato." Sababu iwe kazi unayoimudu na viwango ulivyoviulizia kwa watu wa nafasi kama hiyo. Usitaje shida zako. Afisa rasilimali watu hawezi kuzipeleka kwa bosi wake kama hoja. Ukishasema, nyamaza umsikilize.

Angalia pia mgawanyo. Ofa ya msingi 900,000 na posho 600,000 si sawa na msingi 1,500,000, kwa sababu saa za ziada (mara moja na nusu) na kiinua mgongo (siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10) huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Nazo posho nyingi za fedha hukatwa kodi vilevile. Na likizo ya siku 28 ni haki ya kisheria, isiwekwe mezani kama fidia ya mshahara mdogo.

Wakikuahidi kukuongeza baada ya kipindi cha majaribio, omba kiasi na tarehe viandikwe kwenye barua ya ajira kabla hujasaini.