Anza na randa moja, namba 5

Nilipofungua karakana yangu Igoma, hapa Mwanza, nilinunua randa tatu kwa mpigo, mpya, zinang'aa, bei rahisi. Hazikumaliza mwezi. Visu vilikuwa laini mno, vinapoteza makali kabla ubao haujaisha, na moja ilikuwa imepinda: ukiilaza rula kwenye tumbo lake na kuielekeza dirishani, mwanga unapenya katikati.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nakusihi, usinunue tatu. Nunua moja, namba 5, ile yenye urefu wa kama sentimita 35; namba ndiyo saizi ya randa. Namba 4 ni fupi, inapanda na kushuka na mabonde ya ubao; utapiga randa asubuhi nzima, mbao zinang'aa lakini hazijanyooka. Namba 5 inapita juu ya mabonde, inakata vilima kwanza. Namba 4 ije baadaye kwa kumalizia, na namba 7, ile ndefu zaidi, siku utakapoanza kuunga mbao za meza kubwa.

Ninayoitumia leo ni kuukuu. Niliinunua Kirumba kwa mzee aliyekuwa anaunda mitumbwi, ina kutu hadi kwenye mpini. Akaniambia, "Kijana, kutu inatoka. Ufa hautoki." Akanionyesha pa kutazama: pembeni mwa mdomo, pale kisu kinapotokeza, maana ndipo chuma hupasuka randa ikianguka. Kisha kisu chenyewe, kimebaki kirefu kiasi gani, na kile kigurudumu cha shaba cha kukisogeza, kama bado kinazunguka.

Nyumbani niliweka msasa namba 120 juu ya kioo kinene, nikachora mistari ya penseli kwenye tumbo la randa, nikasugua kisu kikiwa kimefungwa mahali pake ila kimerudishwa ndani. Mistari ilipofutika mbele, nyuma na kuzunguka mdomo, niliacha. Kwingine kukibaki kidoa si kitu.

Pesa uliyookoa kwenye zile randa mbili nunulia jiwe zuri la kunolea, lenye upande wa kukwaruza na upande laini. Hapa sibishani na mtu: randa ya bei kubwa yenye kisu butu ni nyundo tu. Noa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na mgongo wa kisu uwe bapa kabisa karibu na makali.

Jifunzie kwenye paini. Mninga una nyuzi zinazopishana, unachanika hata kwa fundi mzoefu. Ukiufikia, sogeza chuma cha juu ya kisu hadi kibaki nusu milimita kutoka kwenye makali, kata maranda membamba sana, na ukiona unachanika geuza ubao, upige kutoka ncha ya pili.

Na sisi wa kandokando ya ziwa, hasa wakati wa mvua, kutu haituchelewi. Kila jioni naifuta yangu kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, naiweka juu ya kipande cha ubao, kamwe si juu ya saruji.