Shokapu ya mbele ya baiskeli ya mlimani: jibu kutoka kwa mtu aliyezifungua

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mambo mawili: ni shokapu zipi za mbele zinazopendwa zaidi na waendesha baiskeli za mlimani, na kama ni busara kuiacha shokapu ya springi ya chuma iliyokuja na baiskeli yako ukanunua ya upepo ya mtumba, yaani ile inayobebwa na hewa iliyobanwa ndani. Umesema una kilo 78, tairi zako ni za inchi 29, fremu yako imetengenezewa mwendo wa milimita 120 (mwendo ni kiasi ambacho shokapu inaweza kujibonyeza), na kila Jumamosi unateremka vijia vya Mlima Meru. Nimekuwa nikiendesha kwenye vijia hivyo hivyo tangu mwaka 2011, nimemiliki shokapu nne, na zote nimezifungua kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba unisikilize kwa kirefu kidogo.

Kokote utakakouliza, majina utakayoyasikia ni yale yale. RockShox wana SID kwa ajili ya mbio, Pike kwa vijia vya kawaida, na Lyrik na ZEB kwa miteremko mikali. Fox wana 32, 34, 36 na 38, na nambari hiyo ni kipenyo cha mirija ya juu kwa milimita, wala si urefu wa mwendo wa shokapu kama wengi wanavyodhani. Wapo pia wanaoitetea Marzocchi Bomber Z1, Manitou Mezzer au Öhlins RXF36, na wana haki ya kuzitetea. Lakini ukinunua jina bila kujua jina hilo limependwa kwa sababu gani, utajikuta na shokapu bora ya mtu mwingine.

Shokapu yangu ya kwanza ilikuwa ya springi, nzito kuliko kilo mbili na nusu, na ndani yake hapakuwa na dampa yoyote ya maana. Kwenye barabara ya vumbi sikuona kasoro. Siku niliyoteremka kutoka msituni kuelekea Ilboru, hapa Arusha, mahali ambapo mizizi imepangana kama ngazi, ndipo nilipoelewa. Mzizi wa kwanza uliibana springi, springi ikairusha juu sehemu ya mbele ya baiskeli kabla sijafika kwenye mzizi wa pili, na tairi likatua pembeni ya kijia badala ya kutua ndani yake. Nilianguka na kuteguka kifundo cha mkono. Wakati huo niliamini kwamba springi ilikuwa laini mno, nikatafuta ngumu zaidi, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Tatizo halikuwa springi. Springi, iwe ya chuma au ya upepo, kazi yake ni kuupokea mshindo na kuuhifadhi. Usipokuwepo mkono mwingine wa kuuzuia, mshindo wote unarudi kwako kama ulivyoingia. Mkono huo ndio dampa: oili inasukumwa kupita kwenye matundu madogo na kati ya vibati vyembamba vya chuma, na nguvu iliyokuwa ikurushe hewani inageuka kuwa joto dogo ndani ya oili. Ukiniuliza kitu kimoja kinachoitenganisha shokapu nzuri na mbaya, nitakujibu kwamba ni dampa, na nitalirudia jibu hilo hata mbele ya mtu anayejivunia mirija yenye rangi ya dhahabu.

Ndiyo maana Pike iliyotolewa mwaka 2013 ilipendwa kwa namna ambayo shokapu chache zimewahi kupendwa. Ilikuwa na mirija ya milimita 35, kwa hiyo haikupinda ovyo, na uzito wake haukufika kilo mbili. Kilichowashika watu, hata hivyo, ni dampa yake iliyoitwa Charger, ambamo oili imefungiwa ndani ya kifuko cha mpira isichanganyike na hewa. Oili ikichanganyika na hewa inakuwa povu, na povu halizuii kitu. Unaanza mteremko na shokapu moja, unamaliza na nyingine. Nilinunua Pike ya mtumba mwaka 2016, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba dakika ya kumi ya mteremko ilifanana na dakika ya kwanza. Fox nao, kwa dampa yao ya GRIP2 ya mwaka 2018, walimpa mwendeshaji uwezo wa kurekebisha kando mshindo wa ghafla na kando mbonyeo wa taratibu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ni uwezo mkubwa, ila unahitaji subira, kwa sababu mtu asiyejua anachotafuta anaweza kuiharibu shokapu nzuri kwa kuzungusha vitufe vinne bila mpango.

Sifa ya pili ni wepesi wa kuanza kusogea. Shokapu inayosubiri jiwe kubwa ndipo ijibonyeze haikusaidii kwenye changarawe, na mikono yako itakufa ganzi kabla ya saa moja kuisha. Hapa springi ya chuma bado ina heshima yake, kwa kuwa haina sili ya kubana upepo inayosuguana na mrija. Marzocchi Bomber Z1 ya mwaka 1997 ilijenga jina lake hapo: springi za chuma, oili nyingi inayoogelesha kila kitu ndani, na mwendo wa milimita 100, mambo yaliyotoka moja kwa moja kwenye pikipiki. Miaka saba tu kabla ya hapo, kwenye mashindano ya dunia ya Durango, Colorado, mwaka 1990, Greg Herbold alishinda mbio za mteremko akiwa na RockShox ya kwanza kabisa, ambayo mwendo wake haukufika hata milimita 50. Z1 ninaitaja kwa sababu moja ya hapa kwetu pia. Nilipoipata moja iliyochakaa, mtu aliyeifufua alikuwa fundi wa bodaboda. Hakuwahi kuona shokapu ya baiskeli ya namna ile, lakini alipoifungua alitabasamu, akasema ni mdogo wake na zile anazozifungua kila siku, na ndani ya saa mbili sili zilikuwa zimebadilishwa na oili imepimwa sawa kila mguu.

Shokapu za upepo za leo zimeukaribia sana wepesi huo, kwa sababu zina chumba cha pili cha upepo kinachosukuma kinyume na kile kikuu na kuupunguza ule ugumu wa mwanzo. Faida yake kubwa kwako ni kwamba zinafuata uzito wa mwili: kilo 78 au kilo 95, unabadilisha upepo tu, wakati mwenye springi ya chuma analazimika kununua springi nyingine, na hapa Arusha huipati. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, hamia kwenye upepo, kwa masharti nitakayoyaeleza.

Sharti la kwanza ni pampu yake maalumu, ile ndogo yenye geji na bomba fupi. Pampu ya kawaida na kompresa ya pale petroli haifai, kwa kuwa chumba cha upepo cha shokapu ni kidogo mno na tofauti ya psi tano (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) unaihisi mikononi. Usianze na nambari uliyoambiwa na mtu. Anza na jinsi shokapu inavyozama chini ya uzito wako. Vaa kofia, begi na maji yako, simama juu ya pedeli huku rafiki ameshika baiskeli, kisha pima pete ya mpira iliyo kwenye mrija imesogea kiasi gani. Kwa mwendo wa milimita 120 na vijia vyako, nataka uone takriban milimita 24, yaani asilimia 20. Ikizama kupita hapo, ongeza upepo. Ikizama kidogo, punguza. Baada ya hapo chagua kipande kimoja cha kijia, cha dakika mbili au tatu, ukiteremke mara kadhaa ukibadilisha kasi ya mrejeo, yaani jinsi shokapu inavyoinuka haraka baada ya kubonyea, kwa hatua mbili mbili za kitufe chake. Mrejeo ukiwa wa haraka mno, usukani unaruka. Ukiwa wa polepole mno, shokapu haiwahi kuinuka kati ya mzizi na mzizi, inazidi kushuka, na mwishoni unahisi kana kwamba imeisha. Wengi wakilihisi hilo huongeza upepo, ilhali walichohitaji ni mrejeo wa haraka kidogo. Na kama shokapu inafika mwisho wa mwendo wake kwa kishindo ingawa kuzama kwake ni sawa, kuna vipande vidogo vya plastiki vinavyofungwa ndani ya chumba cha upepo ili mwisho uwe mgumu bila kuugusa mwanzo. Kwa uzito wako kimoja kitatosha kuanzia.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likiandikwa kwa ajili ya watu wa milima yetu. Pike yangu ilifungwa upya na rafiki yangu jijini Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, nami nikaipandisha kwa basi hadi Arusha, mita kama 1,400 juu. Ilipofika haikukubali kutumia theluthi ya mwisho ya mwendo wake. Nilipunguza upepo mpaka ikazama kupita kiasi, na bado mwisho ulikuwa mgumu. Kilichotokea ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya miguu ya chini, ile minene inayoshika gurudumu, ilikuwa hewa ya pwani, na hewa ya Arusha ina kanieneo ndogo kwa karibu asilimia 15. Hewa ile ya ndani ikawa springi ya ziada isiyotakiwa na mtu. Tiba yake ni nyepesi: shokapu ikiwa imenyooka yote, ingiza kwa uangalifu mkubwa ncha ya kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya chini ya mdomo wa sili, usikie hewa ikitoka, kisha uichomoe bila kuukwaruza mrija. Fox 36 na 38 za toleo la 2021 zina vitufe nyuma ya miguu kwa kazi hiyo hiyo, na kwa mtu anayesafiri kati ya pwani na mlima naviona ni vya thamani kuliko rangi ya mirija.

Sasa vumbi. Vumbi la Meru ni jivu la volkano, laini kama unga lakini lenye makali, na wakati wa kiangazi linakaa juu ya mrija na kungoja kuingizwa ndani. RockShox huagiza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox husema saa 125. Mimi nafungua kila baada ya saa 30 hivi kati ya Julai na Oktoba. Kazi yenyewe ni ya saa moja: unatoa upepo wote, unalegeza boliti mbili za chini, unazigonga kwa nyundo ya mpira, unaivuta miguu, unasafisha, unaviloanisha upya vile vipete vya sponji vilivyo chini ya sili, unarudisha kiasi cha oili kilichoandikwa kwa ajili ya shokapu yako. Usikubali fundi ajaze grisi nyeusi ya beringi mahali pa oili, wala usimruhusu kijana wa kuosha magari aelekeze bomba lake kwenye sili. Shokapu yangu ya tatu ilikufa kwa sababu niliendesha misimu miwili bila kuifungua. Mipako ya mirija ililika upande wa nyuma mpaka chuma kikaonekana, na hakuna sili inayoweza kuzuia oili juu ya mrija uliolika.

Kwa hiyo ukienda kuitazama ya mtumba, ibonyeze mpaka chini na upitishe ukucha kwenye mirija yote, hasa nyuma, mahali ambapo macho hayafiki. Kisha shika breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye miguu, bushi, yaani vipete vinavyoiongoza mirija ndani ya miguu, zimeisha. Hakikisha pia kwamba itaingia. Shina ni mrija unaoingia kwenye kichwa cha fremu: lililonyooka lina kipenyo cha inchi moja na moja ya nane kuanzia juu hadi chini, lakini shokapu nyingi nzuri za leo zina shina linalopanuka hadi inchi moja na nusu chini, nalo haliingii kwenye fremu ya zamani. Shokapu ya ekseli ya milimita 15 yenye upana wa milimita 110 haikubali habu (kitovu cha gurudumu) ya milimita 100. Na usishawishike kununua ya milimita 150 kwa sababu tu ni bei nzuri: kila milimita 20 unazoongeza hulaza pembe ya mbele kwa karibu digrii moja, na kupita hapo fremu inabeba mzigo ambao haikutengenezewa.

Kwa uzito wako na vijia unavyovitaja, chaguo langu ni RockShox Reba au Fox 34 ya milimita 120 iliyotunzwa. Kama bajeti yako ni ndogo, SR Suntour Raidon mpya naiona salama zaidi kuliko Fox ya mirija ya dhahabu isiyojulikana ilifunguliwa lini. Pike ningekupa kama fremu yako ingeruhusu 140. Nipigie picha ya kichwa cha fremu yako na ya habu ya mbele uziweke hapa, pamoja na picha ya upande wa nyuma wa mirija ya hiyo shokapu ya mtumba unayotaka kununua, nami nitakuambia kama itaingia kabla hujamlipa muuzaji.